Kutoka Zilizopendwa hadi Zipendwazo: Somo la Kupiga Nyimbo za Kale kwa Gitaa Moja

Ikisiri

Makala haya yananuia kumwelekeza mwanafunzi wa Kiswahili namna ya kujifunza kupiga nyimbo maarufu za kale kwa gitaa moja la mbao, lisilotumia umeme, bila bendi wala msaidizi. Yanajikita katika mtindo wa vidole viwili uliovuma Katanga na Magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1950 na 1960. Aidha, yanatoa hoja kwamba uhakiki wa maneno ya nyimbo hizo pasipo kujua mkono wa mpigaji ulifanya nini ni uhakiki wa nusu, na kwamba baadhi ya yale tunayoyaita makosa ya mizani hayaonekani kabisa mara gitaa linapoingia.

1. Utangulizi

Neno "zilizopendwa" limezoeleka mno nchini Kenya kiasi kwamba ni nadra mtu kulitazama kisarufi. Limeundwa kwa kiambishi cha ngeli, kiambishi cha wakati uliopita, kirejeshi, mzizi na kauli ya kutendwa. Kwa ufupi, ni nyimbo ambazo watu walizipenda. Wakati uliotumika umekwisha kutoa hukumu: mapenzi hayo yalikuwa, na pengine sasa hayapo. Redioni nyimbo hizi hupigwa kama kumbukumbu, arusini hupigwa ili wazee wapate kuinuka vitini, na katika idara zetu za Kiswahili huletwa darasani zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, beti kwa beti, zichambuliwe kama mashairi mengine yoyote.

Hatuna ugomvi na redio wala na arusi. Swali letu ni la darasani. Je, wimbo uliotungwa na mtu mmoja aliyekuwa akiimba na kujipigia gitaa, vidole vyake vikijibizana na ulimi wake, unaweza kueleweka vyema pindi nusu ya mazungumzo hayo inapofutwa? Jawabu la makala haya ni kwamba haiwezekani, na kwamba njia nyepesi ya kulithibitisha hilo ni mwanafunzi mwenyewe kuchukua gitaa na kujifunza. Si lazima awe stadi. Akiweza kupiga nyimbo tatu kwa utulivu, masikio yake yatakuwa yamefunguka vya kutosha kubadilisha namna anavyosoma maneno yake.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. George Mukabi alifariki mwaka wa 1963, Mwenda Jean Bosco mwaka wa 1990, Fundi Konde mwaka wa 2000, nao Fadhili William na Daudi Kabaka wakafuatana mwaka wa 2001. Maneno ya nyimbo zao mtu yeyote mwenye subira anaweza kuyanakili kutoka kwenye sahani ya santuri. Ujuzi wa vidole ni mgumu zaidi kunakili, kwa kuwa uliridhishwa kwa kutazama na kuiga, mkono kwa mkono. Wanaoujua wakipungua bila wanafunzi kujitokeza, tutabaki na sauti tusizojua zilivyotokea.

2. Chimbuko la mtindo huu

Mwaka wa 1952, Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, katika eneo la Katanga nchini Kongo. Mwenda alikuwa mzaliwa wa Bunkeya. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi ni Masanga, wimbo uliosambaa Afrika Mashariki na ya Kati na hata ng'ambo kwa sababu ya jambo moja: msikilizaji alidhani anasikia magitaa mawili, kumbe ni moja. Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika mwaka wa 1954, na ni huko ambako rekodi nyingi za aina hii zimehifadhiwa hadi leo, katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Wataalamu hawakuchelewa kuuona uzito wa jambo hili. David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music mnamo 1961 na 1962, naye John Low, aliyesafiri hadi Katanga kujifunza kutoka kwa wapigaji wenyewe, akachapisha kitabu chake Shaba Diary mwaka wa 1982. Mwenda mwenyewe alialikwa kwenye tamasha la Newport nchini Marekani mwaka wa 1969.

Uhusiano na Kenya ni wa moja kwa moja. Mwenda na jamaa yake Edouard Masengo waliletwa Nairobi na Peter Colmore, aliyekuwa mtayarishaji wa muziki na matangazo ya biashara. Masengo alikaa zaidi na sauti yake ikazoeleka redioni. Hata hivyo, haitakuwa haki kudai kwamba wapigaji wa Kenya waliiga tu. Magharibi mwa Kenya, Waluhya walikuwa na muziki wao wa nyuzi, na gitaa lilipowafikia walilipa lafudhi yao. Mtindo huo waliuita omutibo, na mpigaji wake anayekumbukwa zaidi ni George Mukabi. Kando ya gitaa palikuwa na mtu aliyegonga na kukwaruza chupa ya soda ya Fanta, ile ya zamani yenye mikunjo mwilini, ili kushika mapigo. Pwani nako Fundi Konde alikwishajijengea jina kwa mtindo tofauti, wenye gitaa la umeme na athari za dansi.

Lugha iliyowaunganisha watu hawa wote ni Kiswahili. Si Kiswahili cha aina moja, na suala hilo tutalirudia katika sehemu ya saba.

3. Gitaa na majina ya sehemu zake

Mwanafunzi wa Kiswahili akitaka kujifunza gitaa hukutana kwanza na tatizo la istilahi. Wapigaji wana msamiati wao, nao unatosha kwa kazi ya kila siku: nyuzi, shingo, besi, solo, kodi, kapo. Kodi hapa si ushuru wa serikali bali ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja na kupatana. Kapo ni kibanio kinachofungwa shingoni ili kupandisha sauti ya nyuzi zote kwa pamoja. Asiye na fedha za kukinunua hufunga kalamu ya risasi kwa mpira, nayo humfaa.

Shingo ya gitaa imekatizwa na vyuma vyembamba. Katika makala haya, pengo lililo baina ya chuma na chuma tutaliita nafasi, tukihesabu kutoka kichwani mwa gitaa: nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuzi nazo ni sita. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba ulio chini kabisa gitaa likiwa mapajani, na uzi wa sita ni ule mnene ulio juu. Kutoka wa sita hadi wa kwanza, sauti zake ni E, A, D, G, B na E.

Kabla ya lolote lingine, nyuzi zilinganishwe. Mwanafunzi abane uzi wa sita katika nafasi ya tano. Sauti atakayopata ndiyo inayopaswa kutolewa na uzi wa tano ukiwa wazi. Uzi wa tano ukibanwa katika nafasi ya tano hutoa sauti ya uzi wa nne, na wa nne vivyo hivyo hutoa sauti ya wa tatu. Hapa ndipo wengi hupotoka: uzi wa tatu hubanwa katika nafasi ya nne, wala si ya tano, ili kupata sauti ya uzi wa pili. Kisha wa pili hubanwa tena katika nafasi ya tano kupata sauti ya wa kwanza. Gitaa lisilolinganishwa humfanya mwanafunzi ashuku vidole vyake ilhali kosa ni la nyuzi.

4. Somo la kwanza: kidole gumba

Mtindo tunaouzungumzia hutumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, yaani gumba na kile cha shahada. Anayeanza hushangaa kwamba sauti zote zile zilitoka kwa vidole viwili, lakini uchache huo ndio siri ya mtindo wenyewe. Kila kidole kina kazi yake na hakiingilii ya mwenzake. Gumba hupiga besi katika nyuzi nene na ndilo linaloshika mapigo. Kidole cha shahada huimba katika nyuzi nyembamba.

Tuanze na kodi tatu zinazobeba sehemu kubwa ya nyimbo hizi. Wanakwaya wataziona kama kodi za do, fa na so.

Kodi ya C: uzi wa tano nafasi ya tatu, uzi wa nne nafasi ya pili, uzi wa pili nafasi ya kwanza. Uzi wa tatu na wa kwanza huachwa wazi.

Kodi ya F, ile ndogo: uzi wa nne nafasi ya tatu, uzi wa tatu nafasi ya pili, uzi wa pili na wa kwanza nafasi ya kwanza, vyote viwili vikibanwa kwa kidole kimoja kilicholala.

Kodi ya G, yenye sauti ya saba ndani yake: uzi wa sita nafasi ya tatu, uzi wa tano nafasi ya pili, uzi wa kwanza nafasi ya kwanza. Nyuzi tatu za kati huachwa wazi.

Sasa hesabu hadi nane bila kuharakisha. Gumba lipige katika mapigo 1, 3, 5 na 7, likibadilishana nyuzi mbili. Katika C libadilishane uzi wa tano na wa nne, katika F uzi wa nne na wa tano (huu wa tano ukiwa umebanwa nafasi ya tatu), na katika G uzi wa sita na wa nne. Zoezi hili lifanywe peke yake kwa siku kadhaa, mpaka gumba liweze kuendelea huku mwanafunzi akizungumza na mtu. Gumba linalosita mpigaji anapojibu salamu bado halijaiva, na lisiongezewe mzigo mwingine.

5. Somo la pili: kidole cha shahada

Gumba likishatulia, kidole cha shahada kiingie. Mwanzoni kipige uzi wa pili katika mapigo 2, 4, 6 na 8, yaani katikati ya hatua za gumba. Matokeo yake ni mtiririko wa sauti nane zilizo sawa. Ni tamu kidogo, ila bado si muziki wa Katanga wala wa Magharibi.

Mabadiliko huja pale kidole cha shahada kinapoacha kufuata hesabu ya gumba. Gumba liendelee na 1, 3, 5, 7, lakini shahada ipige 1, 4 na 7 pekee. Katika pigo la 1 vidole vyote viwili hugusa kwa pamoja, katika la 3 ni gumba peke yake, katika la 4 ni shahada peke yake, katika la 5 ni gumba tena, na katika la 7 vyote viwili hukutana. Kidole kimoja kinahesabu kwa mbili-mbili, kingine kwa tatu, tatu, na mbili. Ubishi huu wa hesabu ndio unaomfanya msikilizaji adhani kuna watu wawili. Anayetoka katika jamii yenye ngoma za mapigo yanayopishana atagundua kwamba mwili wake unalijua jambo hili tangu zamani, na kwamba kilichokuwa kigeni ni gitaa tu.

Baada ya hapo shahada ifundishwe kuimba. Kodi ya C ikiwa imebanwa, sauti zifuatazo zinapatikana kwa kusogeza kidole kimoja kimoja: so ya chini ni uzi wa tatu ukiwa wazi, la ni uzi wa tatu nafasi ya pili, ti ni uzi wa pili ukiwa wazi, do ni uzi wa pili nafasi ya kwanza, re ni uzi wa pili nafasi ya tatu, mi ni uzi wa kwanza ukiwa wazi, fa ni uzi wa kwanza nafasi ya kwanza, na so ya juu ni uzi wa kwanza nafasi ya tatu. Sauti nane hizi zatosha kuchezea viitikio vingi vya zilizopendwa. Mwanafunzi auimbe wimbo anaoujua kwa solfa, azitafute sauti zake moja moja katika nyuzi tatu nyembamba, kisha alirejeshe gumba chini yake. Afanye kipande cha mstari mmoja tu kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Somo la tatu: mizani ya ulimi na mapigo ya mkono

Hapa ndipo somo la gitaa linapogeuka kuwa somo la Kiswahili. Tuchukue mstari wa mazoezi ulioundwa kwa ajili ya makala haya, wenye mizani nane kwa nane:

Gitaa langu la mbao, nyuzi zake zote sita.

Kama ijulikanavyo, mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tuuweke mkazo kwa herufi kubwa na tugawe silabi moja kwa kila pigo:

Pigo la 1 gi, 2 TA, 3 a, 4 LA, 5 ngu, 6 la, 7 MBA, 8 o.
Pigo la 1 NYU, 2 zi, 3 ZA, 4 ke, 5 ZO, 6 te, 7 SI, 8 ta.

Kumbuka kwamba gumba linapiga katika 1, 3, 5 na 7. Kipande cha pili kimekaa sawasawa: kila mkazo umekutana na besi. Kipande cha kwanza kimepotoka, maana mikazo ya "gitaa" na "langu" imeangukia 2 na 4, katikati ya hatua za gumba. Mwimbaji akiimba hivyo atajikuta akitamka GI-ta-a la-NGU, matamshi ambayo hakuna Mswahili anayeyakubali. Ilhali kwa karatasi vipande vyote viwili vina mizani nane na havina dosari yoyote.

Mpigaji mzoefu hutatua tatizo hili bila kufikiri. Huanza kuimba pigo moja kabla, na huivuta silabi moja katikati:

Pigo la 8 lililotangulia gi, kisha 1 TA, 2 a, 3 LA, 4 na 5 ngu, 6 la, 7 MBA, 8 o.

Sasa mikazo yote mitatu imekaa juu ya besi, na silabi "ngu" imekula mapigo mawili. Kuna tokeo jingine pia. Kwa kuwa mstari huu unahitaji pigo la mwisho la mzunguko uliotangulia, na kwa kuwa "sita" nayo imemalizia katika pigo hilohilo, mwimbaji hawezi kuurudia papo hapo. Ni lazima auache mzunguko mmoja au miwili upite ndipo aingie tena. Nafasi hiyo huijaza kwa gitaa. Vile vipande vitamu vya gitaa tunavyovisikia baina ya beti si urembo peke yake, basi, kwa kuwa mara nyingine ulimi ulikuwa ukisubiri mlango wake wa kuingilia.

Tuongeze jambo moja la kutafakari. Wanamuziki wengi hawasemi "gitaa" bali "gita". Hata mkusanyo wa nyimbo za Mukabi uliotolewa upya kwa santuri mwaka wa 2017 unaitwa Furaha Wenye Gita. Tukibadilisha neno hilo katika mstari wetu, kipande cha kwanza kinakuwa "Gita langu la mbao", chenye mizani saba. Mhakiki anayefuata kanuni za arudhi kama zilivyoelezwa na Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954 atasema mstari umepungukiwa, na kwamba ubeti wake ni guni. Lakini hebu tuuimbe:

Pigo la 1 GI, 2 ta, 3 LA, 4 na 5 ngu, 6 la, 7 MBA, 8 o.

Haukupungukiwa hata kidogo. Silabi zimekaa palepale zilipokuwa, ila tu hatuhitaji tena kutangulia pigo moja. Ile "ngu" inayovutwa imelijaza pengo, na sikio halitambui kwamba kuna mizani iliyokosekana. Mstari wenye mizani saba umekuwa mwepesi kuuimba kuliko ule wa nane.

Hatusemi kwamba kanuni za arudhi ni batili. Mashairi ya Kiswahili yenyewe yalizaliwa yakiimbwa, na huenda kanuni hizo zilisimama juu ya mahadhi ambayo wasomaji wa leo hawayasikii. Tunachosema ni kwamba mizani ya wimbo wa gitaa huhesabiwa katika sehemu mbili, mdomoni na mkononi, na anayehesabu mdomoni peke yake atawalaumu watunzi kwa makosa ambayo hawakuyatenda.

7. Somo la nne: usisahihishe lugha ya wimbo

Mwanafunzi aliyefunzwa Kiswahili sanifu hupata kishawishi cha kurekebisha maneno anapojifunza wimbo wa Katanga au wa Magharibi mwa Kenya. Katika Kiswahili cha Katanga, "watu" huwa "batu", "mtu" huwa "mutu", na "mzuri" huwa "muzuri". Akiimba "mzuri" mahali pa "muzuri", idadi ya silabi haibadiliki, kwa kuwa m hiyo ni silabi kamili. Kinachobadilika ni uwezo wa kuivuta. Irabu u inaweza kushikiliwa kwa mapigo mawili au matatu na sauti ikapanda au kushuka juu yake. Konsonanti m ikishikiliwa hivyo huwa ni mtu anayeguna. Mtunzi aliyekuwa na u mdomoni alitunga sauti inayoihitaji u hiyo.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: wimbo ujifunzwe jinsi ulivyotamkwa. Tofauti na usanifu ziandikwe pembeni, ziwe data ya isimujamii, lakini mdomo uache lahaja ifanye kazi yake.

8. Mpangilio wa nyimbo za kujifunza

Inapendekezwa mwanafunzi aanze na Malaika, wimbo uliotiwa kwenye santuri na Fadhili William na ambao utunzi wake umezua mabishano ya muda mrefu, huku wengine wakimtaja Adam Salim wa Tanzania. Mabishano hayo hayamzuii mtu kujifunza. Mwendo wake ni wa polepole, kodi tatu za msingi zinatosha, na karibu kila msikilizaji anaujua, hivyo kosa husikika mara moja na kurekebishwa.

Wimbo wa pili uwe mmoja wa Mukabi, kwa mfano Sengula Nakupenda. Hapa gumba litajaribiwa vilivyo, kwa sababu mwendo ni wa haraka na vidole havipumziki. Ni vyema kutafuta mwenzi wa kugonga chupa. Chupa husema ukweli kuhusu mapigo kuliko mwalimu yeyote.

Masanga uwe wa mwisho, nao usikaribiwe kwa pupa. Mwanafunzi ausikilize kwa wiki nzima bila kugusa gitaa, siku moja akifuata besi peke yake, siku nyingine sauti za juu peke yake. Mwenda alikuwa na mazoea ya kubadilisha vipande kila alipopiga, ndiyo maana Rycroft akaandika juu ya ubunaji wake wa papo kwa papo. Kunakili rekodi moja sauti kwa sauti ni zoezi zuri, lakini anayeishia hapo amejifunza siku moja tu ya maisha ya wimbo huo.

Tahadhari mbili zinafaa kutajwa. Kwanza, rekodi za zamani aghalabu hazilingani na gitaa lililolinganishwa leo, ama kwa sababu mpigaji alitumia kapo au kwa sababu ya mwendo wa mashine za wakati ule. Mwanafunzi asogeze kapo mpaka alingane na rekodi badala ya kubuni kodi ngumu. Pili, programu za simu zinazopunguza kasi ya wimbo bila kushusha sauti ni msaada mkubwa wa kusikilizia, ila hazionyeshi mkono. Palipo na mzee anayepiga, hata kama vidole vimepungua wepesi, kikao cha saa moja mbele yake kina faida kuliko rekodi kumi. Aombwe kwa adabu, atazamwe, na kwa ridhaa yake mkono wake upigwe picha za video kwa ajili ya kumbukumbu ya chama na idara.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kupiga nyimbo za kale kwa gitaa moja ni ujuzi unaofundishika kwa hatua: kulinganisha nyuzi, kulituliza gumba, kukifunza kidole cha shahada kuhesabu kivyake, na hatimaye kuoanisha mkazo wa neno na pigo la besi. Yameonyesha pia kwamba hatua hiyo ya mwisho inagusa moja kwa moja taaluma yetu ya ushairi. Pendekezo letu ni kwamba kila mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya nyimbo za kipindi hiki ajifunze walau mmoja kati ya zile anazozichambua, na kwamba uchanganuzi wa mizani uandikwe pamoja na mapigo ya gitaa, kwa utaratibu kama ule tuliouonyesha katika sehemu ya sita. Hapo tutakuwa na haki ya kuzungumza juu ya nyimbo zipendwazo, kwa wakati uliopo.

Maswali ya mjadala

1. Chagua ubeti mmoja wa wimbo wa zilizopendwa unaoonekana kuwa guni kwa karatasi. Ugawe kwa mapigo nane na ueleze ni silabi zipi zinazovutwa.
2. Ni kwa kiasi gani tofauti ya "gita" na "gitaa" ni suala la tahajia, na ni kwa kiasi gani ni suala la mahadhi?
3. Je, istilahi za wapigaji kama vile kodi, kapo na besi zinafaa kuingizwa katika kamusi sanifu, au panahitajika maneno mapya? Toa sababu.